Kutwa nzima mezani, na bado kipande kimeachwa?

Mama, shikamoo.

Mimi ni daktari wa kiume mwenye umri wa miaka 29, mzaliwa wa Chumbageni hapa Tanga, mtoto wa pili kati ya watoto watano. Nilimaliza shahada ya udaktari ya miaka mitano, nikafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na sasa ninatimiza mwaka wa tatu wa kazi katika hospitali moja ya mkoa huu. Nimepata nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na barua ya chuo inanitaka nijibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Sitaki kuishia kwenye ubingwa. Ninataka nibobee katika uvimbe wa ubongo, hasa ule unaoota mahali pagumu, chini ya fuvu na karibu na shina la ubongo, kisha nibaki chuoni nikifundisha na kufanya utafiti.

Nikueleze chanzo chake. Mwaka juzi alinijia mama mmoja wa makamo anayetunga vikuba vya asumini na kuuza udi. Alilalamika kwamba kichwa kinamuuma kila anapoamka, na kwamba hasikii tena harufu ya maua anayoyatunga kwa mikono yake mwenyewe. Niliandika mafua, nikampa dawa ya maumivu. Alirudi baada ya miezi miwili, safari hii na binti yake, ambaye alieleza kwamba mama yake amekuwa mkimya, hajali kitu, na kwamba majuzi chungu cha mbaazi kiliungua hadi majirani wakaingia ndani kwa sababu ya moshi, naye ameketi palepale jikoni. Nilibadilisha dawa ya maumivu. Mara ya tatu hakuonana na mimi. Alikwenda kwa daktari wa macho, kwa kuwa alikuwa haoni vizuri, na huyo ndiye aliyechungulia nyuma ya jicho, akaona mshipa wa fahamu umevimba, akamwandikia picha ya CT. Palikuwa na meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, yenye ukubwa wa chungwa dogo la Muheza, imekaa juu ya paa la pua na kuusukuma ubongo wa mbele pande zote mbili.

Niliomba ruhusa nikamsindikiza Dar es Salaam, na profesa aliyemfanyia upasuaji akaniruhusu nisimame nyuma nitazame. Kazi ilianza asubuhi na kumalizika magharibi. Mwishoni kilibaki kipande kisichozidi punje ya mbaazi, kimekumbatia mshipa wa damu. Profesa alikitazama kwa hadubini muda mrefu bila kukigusa, kisha akasema wafunge. Mama yule yu hai, anatembea, ucheshi wake umerudi, lakini macho hayakurudi, wala harufu.

Nilimsimulia baba yangu, ambaye alifanya kazi bandarini Tanga hadi alipostaafu. Akaniuliza: "Kutwa nzima mezani, na bado kipande kimeachwa? Sisi tungeshusha nusu ya shehena tukaondoka, tungefukuzwa siku ileile." Anataka nisomee mifupa au magonjwa ya akina mama, kazi ambayo mgonjwa anakuja anaumwa na kuondoka amepona, kisha nishirikiane na binamu yangu mwenye zahanati huko Ngamiani. Wadogo zangu watatu bado wanasoma. Mchumba wangu ni mwalimu Pangani, na mjomba wake ameshauliza mara mbili nikah ni lini.

Na mimi mwenyewe, Mama, usiku ninasoma kuhusu glioblastoma, saratani kali ya ubongo, ninaona kwamba hata penye vifaa vyote wagonjwa wengi hawamalizi miaka miwili, ninajiuliza kama kweli ninataka maisha yangu yaishie katika kufungua na kufunga vichwa vya watu ambao siwezi kuwaponya. Nikubali nafasi hii, au nimsikilize Baba?

Daktari mwenye mashaka,
Chumbageni, Tanga

* * *

Marahaba, mwanangu.

Mimi si daktari, na wasomaji wa safu hii wanalijua hilo. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka 27, na miaka 11 kati ya hiyo nilisimama kwenye meza ya vichwa, nikikabidhi keekee, msumeno wa waya, nta ya mfupa na vile vipande vya pamba vyenye uzi ambavyo ni lazima vihesabiwe kabla utando haujashonwa. Kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa sinia la vyombo, na ukiona nimekosea jambo la kitabibu, walimu wako watakusahihisha.

Nianze na swali la baba yako, kwa kuwa katika barua yako yote hilo ndilo swali zito kuliko mengine, na nadhani nawe unalijua, ndiyo maana umelinukuu neno kwa neno. Usimjibu kwa maneno ya chuoni. Muulize kwanza jambo moja analolijua kuliko wewe na mimi: kwa nini, katika miaka yake yote ya kazi, kabla kina cha bandari ya Tanga hakijaongezwa, meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali na gati na shehena ikishushwa kidogo kidogo kwa matishari? Nahodha hakushindwa kuendesha meli. Alijua maji yana kina gani na meli yake imezama kiasi gani, akasimama pale ambapo kusonga mbele kungevunja chombo. Kile kipande cha punje ya mbaazi kilikuwa kimeshika mshipa unaolisha ubongo wa mbele, na kama profesa angekibandua na mshipa ukapasuka, yule mama asingerudi na ucheshi wake, na huenda asingerudi kabisa.

Lakini sitaki umdanganye mzee. Kuacha kuna gharama yake, na gharama hiyo ilishapimwa zamani. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Donald Simpson aliupanga upasuaji wa meninjioma katika ngazi tano, kuanzia kuondoa uvimbe wote pamoja na utando na mfupa ulioshikana nao, hadi kupunguza mgandamizo tu au kuchukua kinyama cha kupima, akaonyesha kwamba kinapobaki kingi, uvimbe nao huelekea zaidi kurudi. Tena woga nao huacha, na ukimtazama kwa nyuma, daktari mwoga na daktari mwenye hekima wanafanana sana wakati wanaposema "tufunge". Mimi nimesimama na wote wawili. Siku moja daktari wetu alisimamisha mikono ndani ya fuvu la kijana wa miaka ishirini na kitu, akakaa hivyo hadi nikadhani anaumwa, kisha akaomba hesabu ya pamba. Nilikasirika moyoni, maana picha ilionyesha uvimbe mwingi bado umo. Kijana yule alitembea kutoka wodini kwa miguu yake. Uvimbe ulikua tena baada ya miaka sita, akafunguliwa mara ya pili na daktari yuleyule, akiwa sasa na hadubini nzuri zaidi na mkono wenye mazoea zaidi.

Jambo hili la kuacha na kurudi ni la kale kama kazi yenyewe. Harvey Cushing, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa upasuaji wa ubongo, ndiye aliyelitunga jina la meninjioma mwaka 1922. Mwaka 1926 alimfungua mgonjwa mwenye uvimbe wenye damu nyingi kichwani, damu ikamshinda, akasitisha na kufunga. Siku chache baadaye alimrudia mgonjwa huyohuyo, safari hii akiwa na kifaa cha kuchoma mishipa kwa umeme kilichotengenezwa na mwanasayansi William Bovie, akautoa uvimbe aliouacha. Kifaa cha aina hiyo kipo leo katika karibu kila chumba cha upasuaji, na nina hakika umekwisha kukishika. Siku ile ya kwanza asingesitisha, pasingekuwa na mgonjwa wa kurudiwa.

Sasa glioblastoma, inayokunyima usingizi. Umesoma sawasawa, ila hukusoma hadi mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wenye wagonjwa 573, ulionyesha kwamba waliopewa mionzi peke yake, nusu yao hawakuvuka miezi 12.1, na walioongezewa vidonge vya temozolomaidi, dawa ya saratani, nusu yao walifika miezi 14.6. Miezi miwili na nusu: baba yako atacheka. Hata hivyo, katika utafiti huohuo, waliokuwa hai baada ya miaka miwili walipanda kutoka takriban 10 katika kila 100 hadi 26, na hao 16 wa ziada si hesabu ya kuchekwa, hasa ukiwa wewe ndiye mtoto wa mmoja wao. Ukiingia katika kazi hii, sehemu kubwa ya hesabu zako zitakuwa za namna hiyo, na hapo ndipo pa kujipima. Mtu ambaye furaha yake yote hutokana na mgonjwa aliyepona kabisa ataumia sana humu, na hakuna aibu kwake kuchagua mifupa. Nakushauri usijipime katika chumba cha upasuaji, kwa sababu chumba kile kina mvuto wake na kila kijana hutoka humo akijiona Ben Carson, ambaye mwaka 1987 aliongoza kundi la watu wapatao 70 kuwatenganisha pacha walioungana vichwa kwa muda wa saa 22. Nenda kliniki. Omba wiki mbili za likizo yako, rudi Dar es Salaam kwa profesa yuleyule, ukae kwenye kiti cha pembeni anapowaona wagonjwa waliorudi na picha za miezi sita, za mwaka, za miaka mitatu. Sikiliza anavyomwambia mtu kwamba uvimbe umerudi. Kisha jiulize kama ungependa siku moja maneno yale yatoke kinywani mwako, na yatoke vizuri.

Kuhusu kubaki chuoni umeandika sentensi moja tu, kana kwamba ni pambo la ubingwa. Mimi naona hapo ndipo penye kazi yenyewe. Daktari anayefungua vichwa bila kuweka daftari atazeeka akiwa na hadithi nyingi, na asiweze kukwambia ni wangapi waliopoteza usemi mikononi mwake. Cushing alivuka uvimbe wa 2,000 uliothibitishwa mwaka 1931, na idadi hiyo tunaijua kwa sababu ya mwanamke aliyeitwa Louise Eisenhardt, aliyeanza kwake kwa kazi ya ukarani, kisha akasomea udaktari, akarudi kuwa mtaalamu wa kuvipima vinyama vya uvimbe na mtunza kumbukumbu za wagonjwa wale hata baada ya kutoka hospitali. Mwaka 1938 wakachapisha pamoja kitabu kikubwa juu ya wagonjwa wa meninjioma. (Wanawake wa aina hiyo hawatajwi sana kwenye hotuba za mahafali. Niache niendelee.) Ngazi za chuo utazipanda polepole, kutoka uhadhiri hadi uhadhiri mwandamizi, kisha uprofesa mshiriki na uprofesa, na kila ngazi itadai machapisho ambayo utayaandika usiku, baada ya wodi, wakati binamu yako wa Ngamiani amekwisha kuhesabu mauzo ya siku na kulala. Sitakuficha: kwa mfuko, yeye atakuwa mbele yako kwa miaka mingi.

Ufundishaji una faida ya aina nyingine. Mwaka 2006 Dilan Ellegala, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alifika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, akamfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, kufanya upasuaji wa ubongo, na Mayegga akamfundisha mwenzake. Mgeni yule angeweza kufungua vichwa mwenyewe kutwa kucha hadi siku yake ya safari, na baada ya hapo pasingekuwa na mtu.

Tena kuna kazi ambayo mgeni hawezi kuifanya vizuri hata akipenda, na wewe wa Chumbageni unaiweza. Unajua kwamba ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu, na kwamba uvimbe ukiwa karibu na eneo la usemi mgonjwa huamshwa katikati ya upasuaji, kama daktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield alivyofanya kule Montreal, Kanada, daktari akigusa hapa na pale kwa umeme mdogo huku mgonjwa akitaja picha anazoonyeshwa. Akinyamaza au kukosea, mahali pale hapakatwi. Basi fikiria mzee wa Pangani, kichwa kiko wazi, anaonyeshwa picha ya kitu ambacho hajawahi kukiona maishani. Atanyamaza, na daktari atadhani amegusa usemi. Anastahili kuonyeshwa kinu, ngalawa, mbuzi ya kukunia nazi. Anastahili pia kupimwa kwa Kiswahili chenyewe, aseme kiti kimoja na viti viwili, mti mmoja na miti miwili, maana ngeli zetu zikivurugika mdomoni ni dalili ambayo jedwali lililotungwa kwa lugha nyingine haliwezi kuikamata. Kuandaa picha hizo, kuzijaribu kwa watu wazima wenye afya wa Tanga, Mbulu na Kigoma, kisha kuzitumia mezani na kuandika matokeo, ni kazi ya mtu wa chuo mwenye mkono wa upasuaji na sikio la nyumbani. Ungeniuliza mimi, ningekwambia anza na hiyo hata kabla ya kushika keekee.

Mambo ya nyumbani nitayapitia kwa haraka kwa sababu hayana siri. Kaa na baba yako kwa kalamu na karatasi, uandike ada za wadogo zako mwaka kwa mwaka, na mbele yake uandike kama mwajiri wako atakuruhusu kwenda masomoni ukiwa na mshahara. Hilo ulipate kwa maandishi, usitegemee ahadi ya korido. Kama mshahara utaendelea, nyumba haitalala njaa. Kama hautaendelea, omba chuo kikuahirishie mwaka mmoja na ufanye kazi kwa binamu yako kwa nia ya kuweka akiba, ukimwambia wazi kwamba ni mwaka mmoja. Kwa mchumba wako, usimwombe subira isiyo na tarehe. Mweleze kwamba ubingwa na kubobea vitakufikisha karibu na miaka 40, na kwamba huenda mwaka mmoja au miwili kati ya hiyo ukaishi nchi nyingine. Ukishasema hivyo, kama bado anakutaka, oeni sasa, kwa sherehe ndogo, kabla ya masomo. Mjomba wa watu amekuwa mvumilivu.

Limebaki moja, ambalo hukuniuliza. Katika barua yako umeeleza mara mbili kwamba uliandika dawa ya maumivu, na hukueleza hata mara moja kwamba umezungumza na yule mama juu ya jambo hilo. Naona kama unataka kwenda kuutumikia ubongo maisha yako yote ili ulipe macho ya mtu mmoja. Huo ni mshahara mbaya wa kujilipa, maana kila mgonjwa atakayekufa atakuwa anakuongezea deni, na daktari mwenye deni ndiye anayekibandua kile kipande cha mwisho ambacho mwenzake angekiacha. Uvimbe wa pale juu ya pua hukua taratibu kwa miaka, na huwapoteza hata madaktari wenye mvi. Hata hivyo, mtu aliyekwambia hasikii harufu ya asumini alikuwa amekupa ugonjwa wake mkononi, na ulipaswa kumchungulia nyuma ya jicho. Yote mawili ni kweli. Kwa hiyo, kuanzia kesho, kila anayekuja na kichwa cha asubuhi, umchungulie jicho, na uwafundishe matabibu wenzako hapo hospitalini wafanye hivyohivyo. Hilo halihitaji barua ya chuo, na ndiyo itakuwa kazi yako ya kwanza ya ualimu.

Na kabla hujaijibu barua ile, nenda nyumbani kwa yule mama. Kaa chini, umwambie kwamba wewe ndiye uliyeandika mafua, na kwamba mara ya pili ulibadilisha dawa tu. Umwachie nafasi ya kukasirika kama atataka, na usijieleze sana. Usiende mikono mitupu: mpelekee kanga laini aipapase kwa vidole, au samaki mbichi binti yake ampikie. Asumini usichukue.